Yule wa Kujibu

Tanga, Jumapili jioni

Mama,

Nakuita mama kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu, na hata ukifika uprofesa sitaacha.

Barua yako nimeipata. Unasema mhadhiri wenu aliandika ubaoni maneno matatu, tesisi, antitesisi, sintesisi, akayaunganisha kwa mishale, akasema hiyo ndiyo dialektiki ya Hegel na kwamba asili yake ni Ugiriki ya kale, kisha kipindi kikaisha. Unaniuliza ni kitu gani hasa wadhanifu wa Kijerumani walichukua kwa Wagiriki, na kwa nini kila ukimfungua Hegel mwenyewe huioni ile mishale.

La pili ni jepesi, nilimalize kwanza. Huioni mishale kwa sababu haimo. Aliyeyatumia maneno yale matatu kama ngazi ya kupandia ni Johann Gottlieb Fichte, mwaka 1794. Hegel alipougusa mtindo wa hatua tatu, alilalamika kwamba watu wameufanya kiunzi kikavu cha kubandika juu ya jambo lolote, liwe sumaku au mmea au dola. Alifariki 1831. Miaka sita baadaye Heinrich Moritz Chalybäus akachapisha mihadhara kuhusu falsafa ya Kijerumani tangu Kant, akamfafanua Hegel kwa maneno ya Fichte, na wasomaji wengi wakaona heri hiyo kuliko kuhangaika na vitabu vyenyewe. Marx naye aliyatumia mwaka 1847 alipokuwa akimkejeli msoshalisti Proudhon. Na huku kwetu dialektiki ilikuja kwa njia ya Marx. Wakati Walter Rodney akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wakichapa jarida lao la Cheche kabla halijapigwa marufuku mwaka 1970, neno hilo lilikuwa midomoni mwa vijana wengi pale Mlimani. Lilifika likiwa tayari ni hoja ya siasa. Zeno na Plato walibaki njiani. Kwa hiyo usimlaumu sana mhadhiri wako; anafundisha alichokirithi.

Sasa lile swali lako la kwanza, ambalo ndilo lililonikalisha mezani.

Mishale ya ubaoni haionyeshi jambo moja ambalo kwa Wagiriki lilikuwa ndio msingi: dialektiki ilihitaji watu wawili. Mmoja aulize, mwingine ajibu. Chukua Euthyphro, kitabu kidogo cha Plato ambacho unaweza kukimaliza kwa saa moja. Socrates amekwenda kwa hakimu kujibu shitaka la kuikosea miungu ya mji, shitaka litakalomwua mwaka 399 KK. Anamkuta Euthyphro, aliyekuja kumshitaki baba yake mzazi kwa mauaji. Socrates anamwambia: basi wewe lazima unajua uchaji ni nini, hebu nifundishe. Euthyphro anajibu kwamba uchaji ni kile wanachokipenda miungu. Socrates anamkumbusha kwamba miungu ya Kigiriki hugombana. Anachokipenda huyu, yule anakichukia, kwa hiyo kitu kilekile kitakuwa uchaji na si uchaji. Euthyphro anarekebisha: basi ni kile wanachokipenda wote. Hapo linakuja swali ambalo mpaka leo linawatoa jasho wanafunzi wa teolojia: je, miungu wanakipenda kwa sababu ni cha uchaji, au ni cha uchaji kwa sababu wanakipenda? Wanazunguka, wanarudi palepale walipoanzia, na Euthyphro anakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Angalia Socrates alivyofanya kazi. Hakuleta hoja yake kutoka nyumbani. Alitumia tu yale ambayo Euthyphro mwenyewe ameyakubali. Mkinzano uliotokea ulikuwa wa Euthyphro, umetolewa kinywani mwake, na ndiyo maana ulimchoma.

Kabla ya Socrates alikuwapo Zeno wa Elea, ambaye kwa mapokeo ya kale Aristotle alimtaja kuwa mwanzilishi wa dialektiki. Mwalimu wake Parmenides alisema kilichopo ni kimoja tu na hakitikisiki. Watu wakamcheka. Zeno hakumtetea mwalimu kwa kurudia maneno ya mwalimu. Aliwachukua wachekaji kwa dai lao wenyewe. Mnasema vitu vinatembea? Haya, mkimbiaji ili afike mwisho wa njia, si lazima kwanza afike nusu? Na kabla ya nusu, nusu ya nusu? Naye Aristotle baadaye, katika Topika, aliandika kanuni za mchezo wenyewe: mmoja anashika dai na kulilinda, mwingine anauliza maswali ya ndiyo au siyo mpaka amwangushe, na wote wanaanzia kwenye mambo ambayo watu wengi au wenye busara wanayakubali. Ni kama bao. Unaweza kupanga kete peke yako ukajifundisha, lakini ukicheza pande zote mbili mwenyewe hujamfunga mtu.

Plato aliipandisha daraja. Katika Jamhuri dialektiki ndiyo kilele cha elimu, juu ya hesabu na jiometri, kwa sababu hisabati huanza na mambo iliyoyachukua bila kuyauliza, ila dialektiki huyarudia mpaka mwanzo wake. Na anaweka masharti. Mwanafunzi asiiguse kabla ya miaka 30, kisha aisome miaka mitano, kwa sababu vijana wakiionja mapema huifanya mchezo wa kumrarua kila anayewakaribia. Wewe una miaka mingapi vile? Tuendelee.

Kuna kitabu kingine cha Plato ambacho lazima nikisimulie, maana bila hicho huwezi kumwelewa Hegel: Parmenides. Safari hii Socrates ni kijana, na anayeulizwa ni yeye. Mzee Parmenides anaivunjavunja nadharia yake ya Maumbo. Kisha mzee anaombwa aonyeshe namna ya kujizoeza, naye anachukua dhana ya Umoja. Ikiwa Umoja upo, nini kinafuata? Ikiwa haupo, nini kinafuata? Anapita njia hiyo mara kadhaa, na kila njia inazaa matokeo yanayogongana: Umoja unafanana na haufanani, unatembea na umesimama, upo ndani ya wakati na hauna wakati. Kitabu kinaishia hapo bila suluhisho. Wasomaji wamegombana kwa zaidi ya miaka 2,000 kama ni mzaha au ni siri kuu.

Lakini nataka uangalie anayejibu. Parmenides anauliza nani atamjibu, na anapendekeza awe mdogo kuliko wote, kwa kuwa huyo hatamsumbua sana, na majibu yake yatampa mzee nafasi ya kupumua. Anapewa kijana aitwaye Aristotle, si yule mwanafalsafa, ni jina tu limegongana. Huyu baadaye aliingia katika serikali ya wale Madhalimu Thelathini wa Athens. Na kweli, kijana hasumbui. Kurasa kwa kurasa ni ndiyo, bila shaka, ni lazima iwe hivyo. Mtu wa pili bado yupo kwenye kiti, lakini kinywa chake kimekuwa mwangwi.

Mimi naona njia yote kutoka Athens hadi Berlin ni habari ya mtu huyo wa pili: jinsi alivyohamishwa kutoka kiti cha mbele hadi ndani ya kichwa cha msemaji, na kutoka humo hadi ndani ya jambo lenyewe linalosemwa. Hiki ndicho ninachotaka ukiangalie ukisoma, hata kama mwishowe hutakubaliana nami.

Kant alikuwa wa kwanza kumhamisha. Kwa Kigiriki hakuwa bingwa, na alipoliita neno dialektiki alilipa maana ya kashfa: kwa watu wa kale, alisema, ilikuwa ni mantiki ya udanganyifu, ustadi wa kuupamba uongo. Hata hivyo, katika Uhakiki wa Akili Safi, uliotoka 1781, sehemu kubwa inaitwa dialektiki, na humo ndani mna jambo ambalo Zeno angelitambua mara moja. Ukurasa wa kushoto unathibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo katika wakati. Ukurasa wa kulia unathibitisha kwamba hauna. Kushoto, vitu vimeundwa na chembe zisizogawanyika. Kulia, hakuna chembe ya namna hiyo. Kushoto upo uhuru. Kulia kila kitu kinafuata sheria za maumbile. Kushoto yupo aliye wa lazima, kulia hayupo. Ni mikinzano minne, na kila upande una uthibitisho usio na kasoro ya wazi. Kant hata anamtetea Zeno kwa jina, anasema alihukumiwa bure kuwa msofisti. Na katika barua ya mwaka 1798 kwa Christian Garve anakiri kwamba mikinzano hii ndiyo iliyomwamsha usingizini na kumsukuma kwenye uhakiki wa akili.

Sasa tazama nani anabishana na nani. Hakuna Euthyphro hapa. Anayedai ni akili, na anayepinga ni akili ileile. Kant anapenda lugha ya mahakama. Ila katika mahakama yake mdai, mdaiwa na hakimu ni mtu mmoja. Hukumu yake unaijua: akili imegongana na yenyewe kwa sababu imetaka kuujua ulimwengu mzima kama kitu kilichopo chenyewe, na hilo haliruhusiwi. Mkinzano ni kengele ya kukurudisha nyuma.

Fichte nitampita upesi. Alitaka kuonyesha kwamba mkinzano unaweza kuwa chombo cha kujengea: Mimi inajithibitisha, inaweka mbele yake kisicho Mimi, na viwili hivyo vinawekewa mipaka vikae pamoja. Ni kazi kali ya akili, ila Wagiriki humo ni wachache.

Wagiriki walirudi kwa mlango mwingine, nao ni Tübingen. Kulikuwa na chuo cha kuwaandaa wachungaji wa Kilutheri, na mwaka 1788 waliingia humo vijana wawili, Hegel na Hölderlin. Mwaka 1790 akaja wa tatu, Schelling, ana miaka 15 tu. Vijana watatu katika chuo cha dini, nje Mapinduzi ya Ufaransa yanaendelea, na wao wanasoma Kigiriki kwa njaa. Hölderlin aliishia kuwa mshairi aliyeandika kana kwamba miungu ya Ugiriki imeondoka jana. Schelling mwaka 1794 alijaza daftari na maelezo yake juu ya Timaeus ya Plato, akimsoma Plato kwa macho ya Kant. Daftari hilo lilikaa bila kuchapishwa hadi 1994. Baadaye, mwaka 1802, alijaribu hata kuandika falsafa yake kwa mtindo wa mazungumzo kama Plato, katika Bruno. Hegel yeye alikuwa mzito kuchomoza. Wenzake walimwita Mzee.

Mzee ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Mwaka 1802, akiwa Jena, aliandika makala kumjibu mtu mmoja, Schulze, aliyedai kwamba falsafa ya shaka ya kisasa ni ya maana kuliko ya kale. Hegel akasema shaka ya kweli imo ndani ya falsafa yenyewe, na mfano wake kamili kuliko yote ni Parmenides. Kile kitabu kisicho na suluhisho! Mwaka 1807, katika dibaji ya Fenomenolojia ya Roho, alikitaja tena kama pengine kazi kuu ya sanaa ya dialektiki ya kale. Kwa nini alikipenda hivyo? Kwa sababu humo mkinzano hauletwi na mpinzani. Umoja wenyewe, ukifikiriwa mpaka mwisho, unageuka kuwa kinyume chake. Hapo Hegel aliona alichokuwa akikitafuta: dhana zinatembea zenyewe.

Kwa hiyo alimshukuru Kant kwa kuirudishia dialektiki heshima, kisha akamkosoa kwa mawili. Kwanza, kwa nini minne tu? Kila dhana ina mkinzano wake. Pili, kwa nini akili itwishwe lawama, na ulimwengu uachwe safi kana kwamba utavunjika ukiguswa? Kwa Hegel mkinzano umo ndani ya vitu. Kinachoishi kinabeba kifo chake ndani mwake. Hakimsubiri muuaji kutoka nje. Mantiki yake, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1812 na 1816, alipokuwa mkuu wa shule ya sekondari Nürnberg (fikiria kuandika kitabu kile huku wazazi wanakuja kulalamika juu ya ada), inaanza na Kuwapo kutupu, na anasema wazi kwamba hapo ni kwa Parmenides. Kuwapo kusiko na sifa yoyote hakutofautiki na Kutokuwapo. Na kutoka kupita kwa hiki ndani ya kile kunatokea Kugeuka, na hapo tumefika kwa Heraclitus, ambaye Hegel aliwaambia wanafunzi wake kwamba hakuna neno lake ambalo hakulipokea katika Mantiki.

Katika mihadhara yake kwa wanafunzi haohao alisimulia kisa cha Zeno ninachokipenda. Mtu aliposema hakuna mwendo, Diogenes Mbwa hakujibu. Aliinuka akatembea huku na huko. Watu huishia hapo wakicheka. Hegel anaendelea: mwanafunzi mmoja aliporidhika na jibu hilo, Diogenes alimchapa, kwa kuwa aliyeleta hoja anastahili kujibiwa kwa hoja. Kisha Hegel anatoa hukumu yake: Zeno hakukanusha kwamba miguu inatembea, alionyesha kwamba mwendo wenyewe ni mkinzano.

Unaona faida aliyoileta. Socrates alimwacha Euthyphro mikono mitupu. Hegel anasema ukikanusha kitu mahususi hubaki na utupu. Unabaki na kitu kipya ambacho kimebeba sababu za kuanguka kwa kile cha kwanza. Utangulizi wa Fenomenolojia, ambao ni kurasa chache tu, unalieleza hili vizuri kuliko mahali pengine popote. Fahamu ina kipimo chake ndani yake, inajipima yenyewe, inajiona imepungukiwa, inasogea. Sisi tunaotazama hatuna kazi ya kuuliza maswali, tunaangalia tu. Socrates ameambiwa akae pembeni. Muulizaji na mjibuji wamekuwa kitu kimoja.

Na mimi hapo ndipo ninaponyoosha mkono.

Kuna sehemu katika Sophist ya Plato ambapo Mgeni wa Elea anamfundisha Theaetetus kuhusu Sawa na Tofauti. Mgeni anasema si kazi kubwa kuonyesha ovyoovyo kwamba kilicho sawa ni tofauti na kikubwa ni kidogo; huo ni mchezo wa anayeanza. Kazi ni kumfuata anayesema, hatua kwa hatua, na kuuliza: ni sawa kwa namna gani, na kwa upande upi? Hegel, katika mihadhara yake, aliisoma sehemu hiyo kana kwamba Plato anadai kilicho sawa ni tofauti kwa upande uleule. Hans-Georg Gadamer, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 20 aliyemheshimu sana Hegel, alilionyesha hili waziwazi. Plato analinda swali la "kwa upande upi", Hegel amelifuta. Na swali hilo, mama, kwa kawaida halitoki kwa anayesema. Hutoka kwa aliyekaa mbele yake.

Usinielewe kwamba Hegel alikuwa mvivu wa Kigiriki. Ensaiklopidia yake, katika toleo la 1830, inafungwa kwa kifungu cha Aristotle juu ya fikra inayojifikiri yenyewe, kimewekwa kwa Kigiriki chake bila tafsiri. Alijua anachofanya. Alichagua. Katika dibaji mpya ya Mantiki, aliyoimaliza wiki moja kabla ya kufa, Novemba 1831, anawasifu wale vijana wa Plato wanaosikiliza kwa utulivu na kuziweka kando rai zao, na anasikitika kwamba siku hizi msikilizaji wa namna hiyo hapatikani. Humo humo anataja hadithi kwamba Plato aliipitia Jamhuri mara saba, na anasema kazi yake yeye ingestahili mara 77. Namhurumia kwa hilo la pili. La kwanza linanikera. Anayemsifu ni yule kijana wa kuitikia ndiyo.

Tena palepale Berlin alikuwapo mtu aliyeiendea dialektiki kwa njia nyingine. Friedrich Schleiermacher, mchungaji na mwanateolojia, ndiye aliyemfasiri Plato kwa Kijerumani kuanzia 1804, na kwa tafsiri hiyo Wajerumani wengi walimsikia Plato kama mwandishi wa mazungumzo badala ya mkusanyiko wa mafundisho. Kuanzia 1811 alitoa mihadhara juu ya dialektiki, na kwake ilibaki kuwa ufundi wa kuzungumza: fikra zinaanza pale watu wawili wanapotofautiana, na maarifa ni kule wanakoelekea pamoja. Hegel alipofika Berlin mwaka 1818, wawili hawa hawakuiva chungu kimoja. Hegel hakuwahi kuingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Berlin, na Schleiermacher alikuwa na mkono katika hilo. Wanafunzi wetu humjua Hegel, na Schleiermacher hawamjui. Nadhani ni hasara yetu.

Kuna sababu nyingine ya mimi kung'ang'ania mtu wa pili, na hii utakutana nayo tu, bora uisikie kwangu. Kuanzia 1822 Hegel alifundisha pale Berlin falsafa ya historia ya ulimwengu. Misri aliitenga na Afrika, Afrika ya kaskazini akaigawia Ulaya, na iliyobaki, yaani sisi, akasema haina historia, imelala nje ya mwendo wa Roho. Alitegemea taarifa za wamisionari na wasafiri, na akateua zile za kutisha. Mihadhara ilichapishwa mwaka 1837, na madhara yake unayajua. Wapo wanaosema tuache, yalikuwa mawazo ya wakati wake. Mimi nasema yalikuwa mawazo ya chumba ambamo hakukuwa na wa kujibu. Mtu aliyekuwa tayari kuikuta mikinzano ndani ya kila dhana hakuiuliza dhana yake ya Afrika swali hata moja la Kisocrates.

Na wa kujibu alikuwa amewahi kupita palepale. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto mdogo, akasoma Halle, akatetea tasnifu yake Wittenberg mwaka 1734 kuhusu akili na hisi, akafundisha falsafa. Mwaka 1739 alianza kufundisha Jena. Jena hiyohiyo ambako Hegel alikuja kuanza kazi mwaka 1801, na ambako aliiandika Fenomenolojia. Amo alikuwa ameshaondoka zamani, amerudi pwani ya Afrika ya magharibi kadiri ya mwaka 1747. Ukiuliza Ujerumani ya Hegel ingemjua vipi, jibu ni kwamba vitabu vyake vilichapishwa huko huko, kwa Kilatini, lugha ambayo Hegel aliisoma bila shida.

Sisemi umtupe Hegel. Marx alimgeuza, na wasomi wetu wakamtumia Marx kuuliza maswali ambayo Hegel asingependa kuyasikia. Hilo nalo ni jibu, limechelewa tu. Nakuomba umsome ukiwa umekaa kwenye kile kiti. Kila anapopita kutoka dhana hii kwenda ile, simama umwulize: kwa upande upi? Mara nyingine atakuwa na jibu la kukushangaza, hasa katika ile sura ya bwana na mtumwa, ambapo nafsi haiwezi kujijua bila nafsi nyingine kuitambua, na Hegel mwenyewe karibu amrudishe mtu wa pili mezani.

Utaratibu wa kusoma, kwa kuwa umeniomba: anza na Euthyphro, na usome kwa sauti na mwenzako chumbani, mmoja awe Socrates. Kisha sehemu ya kwanza ya Parmenides. Ya pili soma kurasa kumi uone ladha yake, usijitese. Halafu ile mikinzano minne ya Kant. Halafu Utangulizi wa Fenomenolojia, si Dibaji. Dibaji ni ndefu, iache mpaka Desemba. Mwishoni vifungu vya 79 hadi 82 vya Ensaiklopidia, ambapo Hegel anaeleza mwenyewe pande tatu za kila fikra, na hapo utaweza kumwonyesha mhadhiri wako, kwa adabu, kwamba haziendi kama mishale.

Baba yako anasema pesa ya vitabu ameituma kwa simu, ukaangalie. Ile nakala yangu ya Sophist ipo kwa binamu yako Morogoro tangu mwaka jana. Ukipita ichukue kabla hajaigawa. Na kuhusu kile kifungu cha Sawa na Tofauti, kisome bila kuniamini mimi wala Gadamer, kisha uniandikie unaona Hegel alikosea au alikuwa na haki ya kukipindua. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi anashikilia kwamba alikuwa na haki, na tumebishana naye mpaka tukafungiwa mgahawa.

Mjomba wako